Sigara Ndani ya Soba: Namna ya Kutibu Tumbaku Sambamba na Unga na Pombe

Saa kumi na mbili asubuhi, chai haijaiva, na mwarobaini ulio nyuma ya nyumba tayari una watu. Wanaume sita, sigara moja. Wa kwanza anapiga pafu mbili, anampasia wa pili, na wa mwisho anabakiwa na kipisi kinachomuunguza vidole. Chini ya mti kuna kopo kuukuu la rangi lililojaa majivu na vipisi, na pembeni yake amechuchumaa kijana mwenye siku kumi na moja tangu aache unga, yaani heroini. Analipekua kopo kwa kijiti, akitafuta kipisi chenye tumbaku iliyobaki. Siku tatu kabla yake alikuwa ametusimulia kwenye kikao namna alivyokuwa akipekua vumbi la maskani, kijiwe cha watumiaji wa unga, kutafuta kete (kifungashio kidogo cha unga) iliyomdondoka. Nilipomwona pale chini nikaijua picha ile ile: shingo imeinama hivyo hivyo, na pumzi ameibana hivyo hivyo.

Mimi ni mnasihi kwenye nyumba za upataji nafuu, soba kama tunavyoziita, na kabla ya kuwa mnasihi nilipita humo humo kama mraibu. Niliacha unga nikaendelea na sigara kwa miaka minne, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia kuwa nayo inatibika. Mwongozo huu nauandika kwa wasimamizi wa soba, wanasihi, na wauguzi wa kliniki za methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Nataka jambo moja: tumbaku iandikwe kwenye faili lile lile la unga na pombe, kuanzia siku ile ile mtu anapopokelewa.

Kwanza tuimalize hoja ya "mwache avute"

Kila ninapolileta jambo hili kwenye kikao cha wafanyakazi, kuna anayesema: "Huyu ametoka kwenye heroini, mwachie japo sigara, ukimbana sana atarudi maskani." Inasemwa kwa huruma, na kwa miaka mingi niliiamini. Lakini imepimwa, na majibu yake hayako upande huo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, Prochaska, Delucchi na Hall, walikusanya majaribio 19 yaliyofanywa kwa watu waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu. Waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa bado kwenye matibabu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kubaki mbali na pombe na dawa za kulevya kwa muda mrefu.

Na gharama ya kuwaachia wavute inajulikana. Mwaka 1996 Richard Hurt na wenzake wa Minnesota walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 845 waliotibiwa uraibu wa pombe na dawa nyingine kati ya 1972 na 1983. Watu 222 walikuwa wamekwisha kufa. Asilimia 50.9 ya vifo hivyo vilitokana na magonjwa yanayohusishwa na tumbaku, na asilimia 34.1 na yale ya pombe. Maana yake ni kwamba tunamtoa mtu kwenye chupa, kisha tunamzika kwa sigara. Bill Wilson, mmoja wa waasisi wawili wa vikundi vya walevi waliopata nafuu ambavyo hatua zake kumi na mbili zinasomwa hadi kwenye soba zetu za Unguja na Dar es Salaam, aliacha pombe mwaka 1934. Mapafu yaliyoharibiwa na sigara yakamuua mwaka 1971.

Halafu kwetu sigara na unga havijawahi kukaa mbali. Anayevuta kokteli anachanganya unga na bangi na tumbaku kwenye msokoto mmoja. Kiberiti ni kile kile, na harufu ni ile ile. Kila anapowasha sigara, mwili wake unakumbushwa barabara ya kwenda maskani. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili, kwa sababu neno uraibu, kwa wazee wa pwani, lilikuwa tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kutafuna ambavyo mtu akivizoea haachi. Tumbaku ilikuwemo ndani ya neno hilo kabla heroini haijafika Forodhani.

Hatua ya 1: Anza na wafanyakazi

Usianze na wateja. Kaa na mpishi, mlinzi, wanasihi na msimamizi mwenyewe, kila mtu aseme kama anavuta. Katika soba nyingi wafanyakazi ni watu waliopata nafuu, na wengi wao bado wanavuta. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu. Wape miezi miwili au mitatu, watafutieni dawa na msaada ule ule mtakaowapa wateja, na kubalianeni mambo mawili yanayoanza leo: hakuna mfanyakazi atakayevuta mbele ya mteja, na hakuna atakayempa mteja sigara.

Hilo la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Sigara ndiyo salamu ya mnasihi na mgeni. Ukitaka kijana afunguke unamwita pembeni, unampa fegi, mnazungumza. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, nikidhani najenga uhusiano. Sasa natoka naye kwa matembezi hadi dukani na kurudi, au namwita tumenye viazi pamoja. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka vile vile.

Hatua ya 2: Ondoa sigara kwenye zawadi na adhabu

Angalia nyumba yako bila kujificha. Je, anayefua mapazia anapewa sigara mbili? Aliyechelewa kikao ananyimwa ya jioni? Kuna mtu anayeweka akiba ya sigara chini ya godoro na kuwakopesha wenzake, mbili kwa tatu? Kama ndivyo, una maskani ndani ya nyumba, na sigara ndiyo kete yake. Badilisha zawadi: dakika za simu na familia, zamu ya kuchagua chakula cha Jumamosi, vocha, kwenda kutazama mpira. Fanyeni badiliko hili kabla ya kumgusa mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 3: Uliza siku ya kupokea, na uliza vizuri

Fomu nyingi zina orodha ndefu ya dawa za kulevya, kisha mwishoni kuna swali "Unavuta sigara? Ndiyo/Hapana." Halitoshi. Uliza kila aina kwa jina lake la mtaani: sigara, msokoto, ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku, shisha. Kuberi ni tumbaku ya kuweka mdomoni. Wapo wanaojibu "sivuti" kwa moyo mweupe huku wana ugoro chini ya mdomo. Wanawake hasa, kwa sababu ya aibu, watakuficha moshi, na ugoro hawatautaja usipouuliza.

Kisha maswali mawili ya kupima uzito wa uraibu, yaliyotokana na kazi ya mtafiti wa Sweden, Karl-Olov Fagerström. La kwanza: tangu uamke, inapita muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Ndani ya dakika 5, alama 3. Dakika 6 hadi 30, alama 2. Dakika 31 hadi 60, alama 1. Zaidi ya hapo, 0. La pili: sigara ngapi kwa siku? Hadi 10, alama 0. 11 hadi 20, alama 1. 21 hadi 30, alama 2. 31 na zaidi, alama 3. Jumlisha. Alama 4 na kuendelea ni uraibu mzito, na huyo atahitaji dawa kama zipo.

Hapa nina angalizo la kwetu. Wateja wetu hununua sigara moja moja dukani kwa Mangi na kugawana, hivyo hesabu ya kwa siku huwadanganya wao na sisi. Uliza: "Siku ambayo pesa ipo, unavuta ngapi?" Na lipe uzito zaidi swali la kuamka. Mtu anayevuta tano tu kwa siku, lakini ya kwanza anaiwasha kabla hajanawa uso, ameshikwa sawasawa.

Hatua ya 4: Mazungumzo

Usihubiri. Picha ya mapafu meusi ameshaiona. Mojawapo ya mazungumzo yangu mafupi kabisa yalikuwa na yule kijana wa kopo, siku ile ile jioni.

"Kaka, ukiamka asubuhi unatafuta nini kwanza?"

"Fegi, kaka. Hata maji sijanywa."

"Na kipindi kile, kete ulikuwa unaitafuta saa ngapi?"

Akakaa kimya. Akaangalia vidole vyake, viwili vyenye manjano. "Hivyo hivyo," akasema.

Sikuongeza neno. Nikamwambia tu kwamba kuna msaada, na siku akitaka aniambie. Zilipita siku tisa. Na akikataa kabisa? Andika kwenye faili, mshukuru kwa ukweli wake, muulize tena wiki mbili baadaye. Kukataa leo si kukataa Ramadhani ijayo. Nataja Ramadhani kwa makusudi: Mwislamu anayekaa mchana kutwa bila moshi kwa siku 29 au 30 tayari ana ushahidi mwilini mwake kwamba anaweza. Mwanya mkubwa ni baada ya futari, na hapo ndipo pa kumsimamia.

Kwa wanaopenda hesabu, mpe karatasi. Sigara 15 kwa siku ni 450 kwa mwezi na 5,475 kwa mwaka. Azidishe mwenyewe kwa bei ya Mangi. Usimsaidie kuzidisha.

Hatua ya 5: Chagua siku

Je, aache vyote siku moja au kimoja baada ya kingine? Kwa uzoefu wangu anayeingia soba akiwa kwenye arosto kali, yale mateso ya mwili kukosa unga, anatapika na mifupa inamuuma, si wa kupangiwa siku ya kuacha sigara siku ile ile, isipokuwa aombe mwenyewe, na wapo wanaoomba. Lakini pia usimsubirishe mwaka. Arosto ikitulia, usingizi ukianza kurudi, wekeni tarehe ndani ya wiki mbili. Iandikwe ukutani karibu na kitanda chake. Siku moja kabla, afue nguo zote zenye harufu, atoe viberiti mifukoni, na achague mtu mmoja wa kumwita usiku kiu ikimbana.

Hatua ya 6: Dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa ya hatari yanapofanyika.

Vibandiko na chingamu za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Bupropioni na vareniklini, vidonge vya kusaidia kuacha sigara, ziliongezwa 2021. Kwetu si kila duka la dawa linazo, na bei yake huumiza, kwa hiyo piga simu kwanza kwenye maduka makubwa na hospitali za rufaa kabla ya kumwahidi mteja. Dawa hizi aziidhinishe daktari au mfamasia, hasa kwa mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo.

Kibandiko: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Kinabandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, begani au mkono wa juu, na kila siku mahali papya. Kwa joto la pwani kitabanduka kwa jasho, kwa hiyo abandike baada ya kuoga na kujikausha vizuri, kisha akikandamize kwa kiganja. Ndoto zikiwa kali mno, akitoe usiku.

Chingamu: miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, 2 kwa wengine. Haitafunwi kama bigijii ya watoto. Atafune polepole hadi ahisi ukali kama wa pilipili, aisogeze kati ya shavu na ufizi, atulie. Ukali ukipotea atafune tena. Ni kama dakika 30 kwa kipande kimoja. Asinywe kahawa wala soda robo saa kabla. Akimeza mate mengi atapata kwikwi na kiungulia, kisha atakwambia dawa haifai. Kibandiko na chingamu kwa pamoja hufanya kazi kuliko kimoja peke yake.

Atakayesema "hiyo si kubadilisha uraibu tu?" mkumbushe methadoni. Tangu Februari 2011 Muhimbili ilipofungua kliniki yake, tumewaona watu waliokuwa wakilala barazani wakirudi kazini kwa kunywa dozi kila siku dirishani. Nikotini inamfunga mtu, lakini kinachomuua zaidi ni moshi wenyewe: lami, kaboni monoksaidi na sumu zinazokuja nao.

Bupropioni ni kidonge kizuri, lakini kinaongeza hatari ya degedege. Asipewe mwenye kifafa, wala mtu anayeacha ghafla pombe au vidonge vya usingizi aina ya valiamu. Kwenye soba hao ni wengi. Mwambie daktari historia yote ya pombe, hata ile ambayo mteja anaiona ndogo.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: moshi wa sigara hulifanya ini liondoe haraka baadhi ya dawa za akili, hasa klozapini na olanzapini. Mtu akiacha kuvuta, dawa hizo hupanda kwenye damu kwa dozi ile ile, anakuwa na usingizi mzito, anayumba, na mtu anadhani amerudia kete. Kibandiko hakizuii hilo, maana kinachofanya kazi hiyo ni moshi, si nikotini. Mjulishe daktari wa akili kabla ya siku ya kuacha, si baada. Kahawa nayo hupanda vivyo hivyo, kwa hiyo ipunguzwe nusu wiki hiyo, la sivyo mteja atakesha akitetemeka na lawama itaangukia sigara.

Kama dawa hazipatikani kabisa, endelea. Unasihi wa mmoja mmoja na wa kikundi nao unasaidia.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi: hasira, wasiwasi, njaa, kukosa usingizi. Kwa wengi hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Mteja wa unga ataiita arosto, na ataogopa kwamba ile kubwa inarudi. Mweleze mapema tofauti yake: hii haina kuhara wala maumivu ya mifupa, na kila wimbi la kiu hupita ndani ya dakika chache. Tunampa kitu cha kushika na kitu cha mdomoni. Kwetu ni kipande cha tangawizi, karoti, au kijiti cha mdalasini. Saa ngumu ni baada ya chakula na baada ya chai, kwa hiyo tunahamisha zamu ya vyombo ili anayeacha awe jikoni dakika hizo.

Kwa wauguzi wa methadoni: tazameni nje ya geti dakika tano baada ya dozi. Karibu kila mtu anawasha. Methadoni yenyewe huongeza hamu ya sigara saa chache baada ya kunywa, kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka mnasihi na benchi na chupa ya maji. Na mteja akianza kulalamika kwamba dozi haimtoshi, muulize kwanza kama ameacha sigara wiki hiyo, maana huenda ni arosto ya sigara. Akisinzia kupita kawaida baada ya kuacha, apimwe kabla ya kunywa. Kliniki hizi tayari zinachunguza kifua kikuu, na moshi huongeza hatari ya kuugua TB na kufa nayo, hivyo anayekohoa asikie habari ya sigara kwenye chumba hicho hicho.

Hatua ya 8: Nyumba isiyo na moshi

Jimbo la New York liliviagiza vituo vyake vyote vya matibabu ya uraibu kuwa bila tumbaku kuanzia Julai 2008. Si lazima tusubiri amri. Wekeni tarehe, miezi mitatu mbele, itangazwe kwa wateja, familia na majirani. Kopo la majivu liondoke. Benchi la chini ya mti libaki, kwa sababu watu walikuwa wanakwenda pale kwa ajili ya wenzao pia, na kivuli ni kivuli.

Kuna sheria moja nisiyokubali ivunjwe: mtu asifukuzwe kwa sigara. Nimeona kijana akifungashiwa begi kwa kukutwa na kipisi chooni. Usiku huo huo alikuwa maskani. Akikutwa anavuta, aitwe kikao, aulizwe nini kilitokea saa moja kabla, aongezewe msaada. Vivyo hivyo tunavyofanya, au tunavyopaswa kufanya, kwa aliyeteleza kwenye pombe.

Hatua ya 9: Kutoka getini

Nyumbani kuna kaka anayevuta sebuleni na shemeji anayemtuma dukani "niletee moja." Waite wiki moja kabla ya kutoka. Sema nao kwa heshima: "Mama, tunaomba ndani ya nyumba pasivutwe miezi hii mitatu, wanaovuta watoke nje, na mwanao asitumwe sigara." Wengi wanakubali wakiombwa. Shida ni kwamba hatuwaombi. Mteja naye apange njia ya kwenda kazini isiyopita kijiweni. Nchini Tanzania anaweza kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, akizidiwa na kiu ya lolote kati ya aliyoyaacha.

Ufuatiliaji wetu ni simu: siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 30, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Maswali ni matatu na yanaulizwa kwa mpangilio huu: umelala vipi, umekula nini, na sigara ya mwisho ilikuwa lini. Andika jibu kwenye daftari lile lile lenye safu ya unga na safu ya pombe. Safu ya tatu iwe ya tumbaku, na isiachwe wazi.